Shati la mpiga tarumbeta

Binti yangu karudi Jumapili usiku kutoka kwenye tamasha uwanja wa Samora. Sauti imemkauka, vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi bado kavaa ule utepe wa rangi wanaowafunga watu getini. Kajitupa kwenye kochi, kavua viatu, halafu kaniuliza, "Mama, na nyie enzi zenu mlikuwa mnaenda shoo?"

Nilimjibu kwamba tulikwenda, na kwamba nitamsimulia akishalala usingizi wa kutosha. Kumbe aliyekosa usingizi ni mimi.

Katika ukoo wetu swali la nani alimwona nani jukwaani halijibiwi kirahisi. Shangazi alimwona Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, na hajakubali mpaka leo kwamba baada ya hapo kuna mtu mwingine aliyewahi kushika gitaa. Ukibisha, anakukumbusha kwamba Mbaraka alifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Ukiendelea kubisha, anakwambia habari za Januari 1979, ilipotangazwa redioni kwamba amekufa kwa ajali ya gari huko Kenya, na hapo hakuna tena wa kubishana naye. Shemeji yangu ni Sikinde, yaani mtu wa Mlimani Park. Mume wangu ni Msondo, mtu wa Juwata Jazz. Hao wakianza, chakula kinapoa.

Mimi ya kwangu niliiona hapa hapa Iringa, mwaka 1988, nikiwa darasa la tano, na bendi ni Tancut Almasi.

Binti yangu alishangaa kusikia kwamba kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na bendi ya muziki. Kwetu halikuwa jambo la ajabu. Juwata Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, jeshi lilikuwa na bendi zake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi kama karani. Kwa hiyo kiwanda chetu kikawa na ya kwake. Walikuwamo mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, watu wa kutoka Kongo, ambao wakiimba pamoja usingeweza kujua nani kaanza na nani kapokea. Alikuwamo John Kitime kwenye gitaa. Bendi za Dar es Salaam tulikuwa tunazisikia Radio Tanzania. Hawa tulikuwa tunakutana nao sokoni.

Na mmoja wa wapiga tarumbeta alikuja kushona shati kwa baba.

Nieleze kidogo kuhusu baba, maana bila yeye hiyo shoo ingekuwa shoo tu. Alikuwa fundi cherehani, barazani kwenye duka la vitambaa Miyomboni, na kila mtu alimwita Fundi, hata mchungaji wetu. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka hiyo, enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mitumba ilikuwa imeingia mjini kwa marobota, na watu waliozoea kuja na mita mbili za tetroni na picha ya suti vichwani mwao wakawa wanapita barazani wamevaa koti la Ulaya lililonunuliwa kwa bei ya vifungo. Baba alikuwa anawasalimia vizuri. Halafu alikuwa anawatazama migongoni mpaka wanakata kona. Nadhani alikuwa anaangalia jinsi mabega yalivyokaa. Kazi zilizobaki zilikuwa sare za shule na viraka.

Ndipo akaja yule kijana wa tarumbeta, akasema, "Shikamoo Fundi. Nataka shati la jukwaani." Hakutaka la mtumba. Alitaka la kwake.

Baba alilishona lile shati kama mtu anayejibu tusi ambalo hakuna aliyelisikia. Alimpima mara ya kwanza amesimama wima, kisha akamwambia anyanyue mikono kama anayepiga. Yule kijana akanyanyua mikono mitupu, akajaza mashavu hewa, na watoto tuliokuwa pale tukacheka. Baba hakucheka. Alikuwa kwenye kwapa na futikamba yake. Alisema shati lolote linafaa kwa mtu aliyesimama. La mtu anayefanya kazi mikono ikiwa juu ndilo linalomjua fundi. Siku ya kulichukua, kijana akatoa pesa yake yote, halafu akasema, "Jumapili njoo Fundi, na Mama Upendo na watoto. Mlangoni mtaje jina langu."

Sijui kwa nini baba alikubali. Hatukuwa watu wa dansini. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, na dansi kwake ilikuwa kitu cha redioni, tena kwa sauti ndogo. Lakini Jumapili ile, baada ya chakula, baba alivaa koti lake la kahawia, na mama akavaa kitenge kipya, na mimi nikachukuliwa kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa akaachwa kwa bibi.

Lilikuwa dansi la kuanzia alasiri. Ilikuwa Julai, na anayeijua Iringa ya Julai anajua. Watu walikuwa wanacheza na masweta. Mlangoni tukapita. Tukakaa kwenye benchi la pembeni, karibu na ukuta. Baba alichagua upande ambao mpiga tarumbeta alikuwa anasimama.

Hapo nataka niseme kitu ambacho sikukielewa siku hiyo. Muziki wa dansi tuliokuwa tunausikia redioni ulikuwa umekatwa. Wimbo una sehemu ya kusimulia, taratibu, waimbaji wanapokezana kisa; kisha unafika mahali unachemka, magitaa yanasukumana, na hapo ndipo watu wanapoinuka. Redioni ukianza tu kuchemka, mtangazaji anaingia na salamu. Kwenye ukumbi hakuna anayeukatiza. Wimbo mmoja unaweza kukaa pale pale kwenye kuchemka mpaka jasho linamtoka mtu aliyekuja anatetemeka kwa baridi. Nilikuwa ninazijua zile nyimbo, maneno yote, na nikagundua kwamba nilikuwa ninajua nusu zake tu.

Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia shati. Kila tarumbeta ilipopanda, aliinama mbele kidogo, viwiko kwenye magoti. Akaninong'oneza, "Angalia kwapa." Nikaangalia. Kitambaa kilikuwa kinapanda na mkono na kurudi na mkono, hakuna mkunjo uliobaki juu. "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Nilikuwa nimeona kweli, na mpaka leo siwezi kumtazama mtu akipuliza chombo jukwaani bila jicho kwenda huko. Watu walikuwa wanakwenda mbele kuwatuza waimbaji, noti inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Baba alikuwa anafuatilia mshono.

Giza lilishaingia nje, na mama alishaanza kunikusanya ili tuondoke, umeme ulipokatika.

Walioishi miaka ile wanajua sauti ya ukumbi ambao umeme umekatika katikati ya wimbo. Kwanza magitaa yanakufa yote pamoja, na besi, ambayo hukuwa unaisikia kwa masikio bali kwa kifua, inaondoka, na unahisi umepungukiwa kitu mwilini. Halafu watu wanaguna. Kwa kawaida hapo ndipo mambo yanaishia.

Lakini mpiga drams hakuacha. Wala wa tumba. Sijui kama walitazamana, maana hakuna aliyekuwa anaona. Waliendelea tu, pale pale walipokuwa, kwenye kuchemka. Kwa sekunde chache zilikuwa ngoma peke yake, na miguu ya watu kwenye sakafu. Kisha tarumbeta ikaingia.

Haikuwa na kipaza sauti. Ilikuwa inatoka moja kwa moja kwenye shaba kuja kwetu, na kwa kuwa hatukuona inakotoka ilikuwa kila mahali, kwenye ukuta nyuma ya kichwa changu, kwenye bati. Ilikuwa kali kuliko mwanzo, na ilikuwa na pumzi. Ulikuwa unamsikia mtu anavuta hewa kabla ya kupuliza, na ukawa unaingoja ile pumzi. Waimbaji wakaitikia kwa koo tupu. Ukumbi mzima ukachukua kiitikio, wanaume chini, wanawake juu, na karibu yangu sana nikasikia sauti ya mama, ile ya kwaya, ikiimba maneno ambayo nyumbani hakuwa ametuonyesha kwamba anayajua.

Ndipo baba akasema jina.

Sikuelewa mara moja kwamba anamwita mama. Kwetu aliitwa Mama Upendo, na baba mwenyewe alimwita hivyo, mezani, shambani, akiwa amekasirika, akiwa anaumwa. Hili lilikuwa jina lake la usichana, lile la kwao Kilolo, ambalo nilishawahi kulisikia kwa bibi tu. Alilisema mara moja, si kwa sauti ya kunong'ona, maana asingesikika. Akaongeza, "Inuka."

Halafu nikahisi kitu kizito kinawekwa mapajani mwangu. Lilikuwa koti lake, lina joto bado. Nikapapasa benchi upande wa kulia: hakuna mtu. Nikapapasa kushoto: hakuna mtu. Mfukoni mwa koti kulikuwa na futikamba, imeviringwa, na chaki. Nikaishika ile futikamba kwa nguvu na nikakaa hapo hapo, sikulia wala kuogopa. Mbele yangu kulikuwa na joto la watu na vumbi na tarumbeta, na mahali fulani humo walikuwamo wazazi wangu.

Siwezi kusema ilichukua muda gani. Wimbo haukuwa na mtu wa kuukatiza.

Walipoleta karabai na kuitundika kando ya jukwaa, baba na mama walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja huku na mwingine huku, kama vile hakuna aliyeondoka. Mama alikuwa anafunga kitenge upya. Baba alinyoosha mkono akachukua koti lake. Watu walipiga makofi mpaka nikaziba masikio. Baba hakutazama tena jukwaani kulikagua shati. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Tukarudi nyumbani kwa miguu mpaka Kihesa, na hakuna aliyezungumza habari ya dansi.

Jumatatu au Jumanne yule kijana alikuja barazani na shati limefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa limechanika kwapani, upande wa kulia. Aliona aibu kulitoa. Baba akaingiza vidole viwili kwenye tundu, akavigeuza geuza, akatazama nyuzi zilivyokatika. Nilidhani ataumia. Akasema, "Hapa ulipiga kweli, kijana." Akakata kipande kidogo cha umbo la almasi kutoka kwenye masalio ya kitambaa kile kile, akakishonea pale kwapani ili mkono upate nafasi, na hakuchukua hata senti. Ndiyo siku niliyomsikia akipiga mluzi kwenye cherehani. Siku moja hiyo.

Mengine yanajulikana. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa miaka ya tisini, bendi zilizokuwa chini yake zilikosa pa kuegemea, moja baada ya nyingine, na Tancut nayo ikawa historia. Mitumba ikashinda. Baba alishona sare za shule mpaka macho yalipokataa, na sasa hayupo. Mimi nimekwenda kwenye matamasha mengi tangu hapo, nimekaa Ngome Kongwe kule Zanzibar wakati wa Sauti za Busara na kusikiliza watu wanaojua vyombo vyao kuliko maelezo, na nikiulizwa ipi ilikuwa bora najibu ile ya Iringa bila kufikiri. Nikifikiri ndipo nashindwa. Sijui kama ninaupenda ule muziki, au ninampenda yule mwanamume aliyelijua jina la mama yangu. Huenda si lazima nitenganishe. Lakini huwa najaribu.

Niliwahi kumuuliza mama. Tulikuwa kwenye basi, tunatoka msibani Mafinga, yeye dirishani. Nikamwambia nakumbuka siku ambayo yeye na baba walicheza.

"Nani alicheza?" akasema. "Tulikuwa tumekaa."

Nikamwambia kuhusu koti. Akasema nilikuwa mtoto, nilisinzia, ndiyo maana nikafunikwa. Nikanyamaza; si mama wa kubishana naye. Tumekwenda kidogo, akaniuliza huo wimbo ninaoufikiria ni upi. Nikamwimbia ninavyoukumbuka, kwa sauti ya chini kwa sababu ya abiria. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye kuchemka, akatikisa kichwa.

"Sivyo," akasema. "Tarumbeta inaingia mapema zaidi." Akaanza kuniimbia kile kipande cha tarumbeta jinsi kinavyotakiwa, kwa mdomo, noti kwa noti, na tulipofika Ifunda alikuwa ananiambia nirudie naye, kwa sababu bado nilikuwa ninachelewa kuingia.