Upepo wa Suhaili

Mwaka 1994 nilikuwa nikichora kwa kuagizwa, pale Mji wa Kale, Mombasa. Kazi zenyewe ni milango ya nakshi, paka na Fort Jesus magharibi inapoingia. Siku moja akaja mzee wa Kiingereza, baharia mstaafu aliyekuwa akikaa upande wa Kilifi. Akaniwekea mezani picha mbili za gazeti zilizofifia. Anataka picha ya Suhaili, ikiingia Falmouth, bandari ya Uingereza.

Sikuijua. Akanieleza kuwa ni mashua ya futi 32 tu, ya mbao za msaji, iliyoundwa Bombay. Robin Knox-Johnston aliondoka nayo Falmouth 14 Juni 1968, akarudi bandari ile ile 22 Aprili 1969: siku 312, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake bila kituo. Safari ile ilikuwa ya mashindano, na walioshindana walikuwa tisa. Aliyemaliza ni yeye.

Nilichora wiki tatu kwa rangi za mafuta. Nilichokipenda ni ile michirizi ya kutu iliyoteremka kwenye ubavu mweupe; niliipaka bila huruma. Bahari ndiyo iliyonitesa. Ya Uingereza sijawahi kuiona, na kila nilipochanganya rangi, mkono ulinirudisha kwenye bahari ya Nyali, kwetu Mombasa. Hatimaye nikaipata ya kijivu kiasi, nikaridhika, nikaitoa picha barazani ikauke.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi tangu ujana, macho yake tayari yana ukungu. Akaiinamia picha hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Kwanza akafurahi: milingoti miwili, mkubwa na galme, ule mdogo wa nyuma, na tezi, yaani nyuma ya chombo, iliyochongoka kama omo, mbele yake.

"Kama bedeni," akasema, kile chombo cha tanga cha zamani. "Yaitwaje?"

"Suhaili."

"Suheli! Nyota ya kusini hiyo." Nikamwambia mzee alisema ni jina la upepo wa huko Ghuba. Hakubishana. Alikuwa bado anatazama.

"Mwanangu, upepo wako watoka wapi?"

Nikamwonyesha: kulia. Matanga yote nilikuwa nimeyafutusha kwenda kushoto.

"Na bendera?"

Bendera pale tezini, nyekundu, nzuri, nilikuwa nimeipeperusha kuelekea kulia kwa sababu upande ule ulikuwa mtupu.

"Wenzako bendera hufuata upepo," akasema. "Yako yaufukuza."

Nikaikwangua kwa kisu usiku ule ule. Nikarekebisha na mawimbi madogo, kwa kuwa baada ya swali lile niliona nayo yalikuwa yanakwenda kila upande kama watu wa sokoni.

Kilifi, mzee aliisifu bendera. Halafu akaweka kidole ubavuni mwa mashua, pale nilipochora vile vibao viwili vya kuongoza usukani kwa upepo. Nilivinakili kutoka ile picha ya gazeti ya siku ya kuondoka. Akaniambia mtambo ule ulivunjika karibu na Australia. Nusu ya safari Knox-Johnston aliongoza kwa kuyalinganisha matanga na kulala kwa mafungu. Siku ya kurudi Falmouth haukuwepo. Nikakwangua tena, mbele yake, kwenye veranda, jasho likinitoka. Alama ilibaki. Akakata shilingi mia tano.

Nikamsimulia mjomba jioni. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mia tano kwa vibao," akasema. "Na upepo wangu je, kaulipia ngapi?"