Hatifungani ya kijani: ninavyoikagua kabla hela ya kikundi haijatoka

Hatifungani ya kijani ni hati ya kumkopesha mtoaji fedha kwa riba, ziende kwenye miradi ya mazingira. Huwa naanzia katikati ya waraka wa matarajio (maelezo ya mtoaji kwa wanunuzi), kwenye matumizi ya fedha. Riba haina haja ya kutafutwa, mabango yameshaitangaza. Natafuta mradi uliotajwa. Hatifungani ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5, ilitaja upanuzi wa miundombinu ya maji Tanga. Bomba unaweza kwenda kulishika. Ukikuta "miradi rafiki kwa mazingira na shughuli nyinginezo", tulia hapo: ndani ya hizo "nyinginezo" huenea hata deni la zamani linalolipwa kwa fedha mpya.

Kikundi chetu hapa Moshi kiliona idhini ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kikadhani kazi imekwisha. Idhini ile maana yake mtoaji ameeleza anayopaswa kueleza. Haidhamini faida. Ukijani wenyewe hupimwa na mkaguzi huru, ambaye naye analipwa na mtoaji (biashara ndivyo ilivyo), kwa hiyo nasoma alichoambiwa akague na alichoachiwa nje. Ulaya wamekaza zaidi: tangu 21 Desemba 2024, anayetaka kutumia jina la Hatifungani ya Kijani ya Ulaya lazima aelekeze walau asilimia 85 ya fedha kwenye shughuli zinazokidhi vigezo vyao. Sheria hiyo haitufiki, ila 85 hiyo ndiyo rula yangu.

Kununua ni kupitia dalali mwenye leseni, baada ya kufungua akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani na hisa zako kielektroniki. Kikundi kiandae cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao ulioidhinisha ununuzi, vitambulisho vya NIDA vya watia saini na namba ya akaunti ya benki. Fomu yetu ilirudi kwa sababu benki jina liliishia na "Group" na cheti kilisema "Kikundi". Linganisheni herufi kwa herufi.

Mkinunua soko la upili, yaani kwa mtu aliyekwisha kuinunua, msishtuke bei ikizidi. Kwa shilingi 1,000,000 yenye riba ya 13.5 inayolipwa kila miezi sita, malipo ni 67,500. Ukinunua miezi mitatu baada ya malipo, unamrudishia muuzaji 33,750 alizokwisha kuzitumikia. Mweka hazina wetu alisema tumepigwa. Hatukupigwa: miezi mitatu baadaye 67,500 nzima itaingia kwenu.