Kwanza zabibu, simu baadaye

Ndugu zangu, msimu uliopita nilikuwa na mambo mengi kichwani: kuku, biashara ya vitenge, kozi ya kompyuta, vikao vya harusi. Nusu eka yangu ya zabibu kule Mpunguzi nikaipogoa vipande vipande, mistari miwili leo, mitatu wiki ijayo. Zikaiva kwa kupishana, na mnunuzi akakataa kurudi shambani mara tatu. Iliniuma sana. Huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini kila mavuno yanaanzia kwenye mkasi wa kupogolea, miezi kama minne kabla.

Safari hii nimechagua jambo moja. Saa 12 asubuhi niko shambani, simu nimeiacha nyumbani inachaji. Mistari mitano, narudi saa 2, ndipo mengine yaanze. Kuku nimemwachia shemeji. Harusi natoa mchango, vikaoni siendi (na hakuna aliyenuna, namshukuru Mungu).

Jana nimemaliza mstari wa mwisho. Ile ya mwanzo imeshachipua, majani laini bado yamejikunja, na katikati yake vishada vidogo kama punje za uwele. Nilichuchumaa nikaviangalia mpaka jua likawa kali.