Herufi moja, anwani mbili

Watu wakisikia nafanya bioinfomatiki, yaani kuchambua data za DNA kwa kompyuta, kwenye kampuni ya teknolojia ya afya, wanachotaka kusikia ni habari za akili mnemba. Siku hizi hata siwasahihishi. Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni ya tarishi: kuhakikisha kila barua imefika mlango wake. Na kuna mara moja nilipeleka mzigo mzima mtaa usio wake.

Tulikuwa na data za hospitali mbili. Swali lilikuwa jepesi: wangapi wana jeni ya selimundu, ili kampuni ijue kipimo inachokusudia kukiuza kitapata wateja wapi. Nikaandika programu fupi, nikaiendesha. Hospitali ya kwanza, wapo, kama tulivyotarajia. Ya pili, sifuri. Hakuna hata mmoja.

Watu wa biashara wanapenda sifuri kwa sababu haina mjadala. Wakasema hospitali hiyo itolewe kwenye mpango, bajeti ipumue, na kabla jua halijazama grafu yangu ilikuwa imeshaingia kwenye slaidi za wawekezaji. Mimi nimefungua faili jingine, la madaktari wa hospitali hiyohiyo. Kwenye safu ya ugonjwa, neno selimundu limejaa.

Nikaanza kujishuku. Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja kati ya takribani bilioni 3 za jenomu, yaani DNA yote ya mtu: kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11, GAG imekuwa GTG. Yaani A imegeuka T. Ila jeni hiyo husomwa kwenye uzi wa pili wa DNA, ule wa kinyume, hivyo ndani ya faili utakuta T iliyogeuka A. Mtego huo ulishaninasa miaka ya nyuma, nikadhani umenirudia. Nikakagua mara mbili. Haukuwa huo.

Usiku nikalifungua faili lenyewe, nikalisoma kwa macho. Faili za VCF, zinazoorodhesha mabadiliko ya DNA, huanza na mistari yenye alama mbili za reli, ambayo wengi wetu tunairuka kama tunavyoruka masharti kabla ya kubonyeza "nakubali". Humo mara nyingi huandikwa kila kromosomu na urefu wake. Faili la hospitali ya kwanza: kromosomu ya 11, herufi 135,086,622. La pili: 135,006,516. Nikazifuata tarakimu mojamoja kwa ncha ya kalamu kwenye kioo, maana kwa haraka zinafanana.

Mtu hapotezi herufi elfu themanini na ushei kwa kutibiwa hospitali nyingine. Kilichotofautiana ni ramani. Jenomu rejea, yaani ile ya mfano tunayotumia kutaja nafasi ya kila herufi, ina matoleo: GRCh37 ilitoka mwaka 2009, na GRCh38 ikatoka mwaka 2013, mapengo yakazibwa, makosa yakarekebishwa, namba zikasogea. Herufi ya selimundu kwenye ramani mpya iko nafasi ya 5,227,002. Kwenye ya zamani iko 5,248,232. Programu yangu ilibisha hodi kwenye nyumba isiyo yake, ikakuta kimya, ikaandika sifuri. Wala haikulalamika, na hapo ndipo panaponiudhi. Programu ikikwama, angalau unajua umekosea.

Kuhamisha anwani kutoka ramani moja kwenda nyingine ni kazi ya dakika chache, programu zake zipo. Kilichokula siku tatu ni kuing'oa ile sifuri kwenye slaidi, kwa sababu namba ikishapakwa rangi hukomaa. Mkuu wangu akaniuliza, "Safari hii una uhakika?" Swali la haki kabisa. Lakini siku ya sifuri hakuniuliza.

Nikampigia mwenzangu wa data kule hospitali ya pili.

"Kaka, mbona hamkuandika mnatumia ramani ipi?"

"Dada, si kila mtu anatumia 37?"

Nikanyamaza, maana mimi nami niliamini kila mtu anatumia 38. Naye alikuwa na lake: "Halafu ripoti yenu inasema badiliko liko nafasi ya 7 kwenye protini. Madaktari wetu wote wanasema ni ya 6."

Wote tuko sawa, nikamwambia. Mwanasayansi Vernon Ingram alipoonyesha mwaka 1957 kwamba kwenye protini hiyo asidi amino moja, glutamati, imepishwa na nyingine, valini, hesabu ilikuwa ya protini kama ilivyo ndani ya damu, ambako methionini, asidi amino ya mwanzo, imeshakatwa. Kanuni za sasa zinaanza kuhesabu na hiyo methionini. Akacheka, akaniomba niandike zote mbili.

Kwenye fomu yetu ya kupokea data nimeongeza swali moja la lazima: urefu wa kromosomu ya 11. Jina la ramani siulizi tena, watu hulijibu kwa kukisia.