Nakuru, siku moja baada ya mazishi ya Mzee Moi

Alhamisi, 13 Februari 2020

Jana Rais mstaafu Daniel Toroitich arap Moi alizikwa nyumbani kwake Kabarak, kando ya kaburi la mkewe Lena, na leo barabara ya Nakuru kuelekea Eldama Ravine, inayopita hapa kwetu Kiamunyi, imerudia shughuli zake za kawaida. Tangu Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza asubuhi ya Jumanne ya wiki jana kwamba Rais wa pili wa Kenya amefariki akiwa na umri wa miaka 95, nimekuwa nikiwasikiliza watu kuliko ninavyosikiliza redio. Nimewasikiliza kwenye matatu, kanisani na kwa majirani, na ningependa kuyaandika niliyoyasikia kabla hatujarejea kuzungumzia bei ya unga na siasa za uchaguzi ujao.

Kwanza niseme kwamba huzuni niliyoiona ilikuwa ya kweli. Watu wa rika langu walioanza shule baada ya 1979 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure shuleni, ile pakiti ya pembetatu tuliyoing'oa ncha kwa meno tukiwa tumesimama kwenye mstari, na kwa baadhi yetu ndicho kitu pekee kilichoingia tumboni kabla ya saa saba mchana. Wapo waliosomea shule alizozijenga au kuzichangia, na wapo waliofika chuo kikuu kwa sababu Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kule Eldoret mwaka 1984. Jirani yetu mmoja kutoka Baringo alilia mbele yangu bila kuficha uso, akisema kwamba mtoto wa mchunga mifugo wa Sacho aliyeinuka hadi Ikulu ndiye aliyemfanya baba yake aamini kuwa hata wao wana nchi. Sina sababu ya kuyatilia shaka machozi hayo.

Baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliamka jana usiku wa manane, akavaa suti yake nyeusi na tai, akaondoka na wazee wenzake kwenda Kabarak kabla hakujapambazuka. Nilishangaa, kwa kuwa ninaijua vizuri historia yake. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya mawakala waliobeba picha za wagombeaji, Baba alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakihesabu watu katika uwanja wa shule yake, na aliona kwa macho yake mwenye mstari mfupi akitangazwa mshindi. Alitusimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu wakati huo ukuta ulikuwa na masikio na mwalimu aliweza kupoteza kazi, au zaidi ya kazi, kwa neno moja tu. Jioni aliporudi, viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi, nilimuuliza ni nini kilichompeleka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mtu huzikwa mzima, mwanangu. Nilikwenda kumzika pamoja na mlolongo wake." Baadaye akanieleza jinsi mizinga 19 ilivyopigwa na jinsi ardhi ilivyotikisika chini ya viti vyao.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni mama mmoja anayeuza mboga karibu na kituo chetu cha matatu. Aliondoka Olenguruone mwaka 1992, wakati wa vita vya kikabila vilivyozuka baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa, akiwa na watoto wawili na nguo alizokuwa amevaa. Jumamosi, wakati mwili ulikuwa umeanza kutazamwa na umma kule Nairobi, nilikuwa kibandani kwake akinikatia sukuma wiki. Wateja wawili walikuwa wakimsifu marehemu kwa kuilinda amani ya nchi hii kwa miaka 24. Mama huyo alisema tu kwamba yeye hakuiona amani hiyo, kwani nyumba yake ilichomwa. Mmoja wa wateja akamkatiza palepale: "Mama, marehemu hasemwi." Mama hakupandisha sauti. Kisu kiliendelea kukata mboga zilezile, nyembamba kama nywele, naye akajibu bila kuinua macho, "Sijamsema mtu. Nimesema nyumba yangu ilichomwa."

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu hapo. Desturi yetu ya kutomsema vibaya aliyekufa ni desturi njema, na nimelelewa ndani yake. Huwapa wafiwa nafasi ya kulia bila kutukanwa, na ndiyo maana sikufurahishwa na vijana waliokuwa wakipitisha kejeli kwenye simu zao wakati watoto na wajukuu wa marehemu walikuwa bado hawajamzika. Hata hivyo, desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya ugomvi wa kifamilia na wa kijiji, ambapo waliodhulumiana wana wazee wa kuwasikiliza kabla na baada ya matanga. Mtu aliyetawala nchi kwa robo karne kasoro mwaka mmoja hana kijiji kimoja. Mama huyu hakumtukana marehemu wala hakuwaambia wenzake wasilie. Alitaja jambo lililompata, na kulitaja tu kulitosha kumfanya aonekane mkosefu wa adabu.

Wakati wake wa kusema ulikuwa upi, basi? Marehemu alipokuwa madarakani, waliosema walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na wengine walishushwa katika vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, vyumba ambavyo umma haukuonyeshwa hadi 2003. Alipostaafu, tuliambiwa tumwache mzee apumzike, na nakumbuka hata siku ya kumwapisha Mwai Kibaki, Desemba 2002, umati ulipomzomea pale Uhuru Park, wengi wetu tuliona aibu na kusema kwamba hayo si mambo ya kumfanyia mtu mzima. Sasa amefariki, na tunaambiwa ni mwiko. Ripoti ya tume ya Jaji Akiwumi kuhusu vita hivyo vya kikabila ilikamilika 1999 lakini ikafichwa hadi 2002, na ilipotolewa, mama wa sukuma wiki hakuona hata mtu mmoja akija kumuuliza shamba lake liko wapi.

Leo asubuhi rafiki yangu wa Kisumu alinipigia simu. Kwao, wiki hii ilikuwa na uzito wa aina nyingine, kwa sababu leo imetimia miaka 30 tangu Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, alipotoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana siku tatu baadaye karibu na kilima cha Got Alila, ukiwa umechomwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru kuchunguza kifo hicho ilivunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi yake, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Rafiki yangu hakusema nani alimuua Ouko, wala mimi sisemi. Alilalamika kwamba vituo vya redio alivyovifungua leo vilikuwa bado vinazungumzia rungu la marehemu alilokabidhiwa mwanawe, Seneta Gideon Moi, na hakusikia hata kimoja kikitaja Koru. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri zamu yake.

Kwa siku tatu mwili wa Mzee Moi ulilazwa katika Majengo ya Bunge, na wabunge walipita mbele yake kwa heshima inayostahili. Katika Bunge hilohilo ndimo ilimokwama ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo Rais Kenyatta alikabidhiwa Mei 2013 na ambayo inachunguza dhuluma za tangu 1963 hadi Februari 2008, zikiwemo za enzi ya baba yake. Ndani yake mna mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya usalama kule Wagalla, Wajir, mwaka 1984, vyumba vya Nyayo House, na ushahidi wa watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao hapa Bonde la Ufa. Haijapitishwa hadi leo. Matanga yamekwisha, bendera zimepandishwa tena, na wafiwa wamepewa heshima zao zote, kwa hiyo kisingizio cha kwamba huu si wakati wake hakipo tena. Mbunge wetu alikuwa Kabarak jana. Nitamwandikia wiki ijayo kumuuliza ni lini ripoti hiyo itajadiliwa, na nimemwomba Baba atie sahihi yake chini ya yangu. Amekubali.