Kibisi wa Naivasha

Bei ya boti Naivasha inauma. Tulibishana ufukweni hadi jua likapanda, na bado saa moja ya majini ikatugharimu kuliko chumba tulicholala, chumba chenyewe maji ya moto hayakutoka. Wenzangu walitaka viboko. Tuliwaona.

Mimi nilinaswa na ndege mdogo wa mviringo, shingo nyekundu ya kahawia, aliyeelea kando ya mafunjo. Nilipoinua kamera, hayupo. Nahodha akazima injini. "Kaka, usitazame alipozamia, tazama mbali." Kweli, aliibukia upande wa pili wa boti, kasamaki mdomoni.

"Huyo kibisi," akasema, akatusogeza taratibu hadi kwenye kiota: rundo la majani mabichi na yaliyooza, limeshikizwa kwenye mabua, linaelea. Ziwa likijaa, nalo linapanda. Mayai hatukuyaona, kwa kuwa mzazi akiondoka huyafunika kwa majani. Nahodha alijua mengi. Miguu ya kibisi imekaa nyuma kabisa, karibu na mkia, na vidole havikuunganishwa kwa ngozi kama vya bata. Kila kidole kina mbawa zake bapa za kusukumia maji. Majini hakamatiki, nchi kavu anajikokota. Makinda hupanda mgongoni mwa wazazi, hulishwa samaki na hata manyoya. Saa yetu ikaisha tukiwa hapo hapo, na sikujutia hata shilingi.

Usiku nilisoma hadi simu ikaisha chaji. Kumbe vinasaba vinaonyesha jamaa wa karibu wa vibisi ni heroe, wale wa miguu mirefu! Ziwa Titicaca, Amerika Kusini, lina kibisi asiyeweza kuruka kabisa. Naivasha yenyewe ilikuwa na yule mkubwa mwenye kishungi, ambaye siku hizi ni adimu hapo. Kilichoniuma zaidi ni kibisi wa Ziwa Alaotra, Madagaska: mwaka 2010 alitangazwa kutoweka duniani. Samaki wa kigeni walipandikizwa, akazaana na kibisi mdogo wa kawaida, na nyavu za nailoni zikawa zinamnasa akizamia.

Nyavu hizo nimekua nazo. Kwetu Ukerewe mjomba huzitega jioni kwenye matete, palepale vibisi wanapojificha, na asubuhi tulikuwa tunahesabu sato na furu tu. Nikifika nitamwuliza: ndege waliokuwa wakinasa, mlikuwa mnawatupa wapi?