Ndugu yetu wa pangoni

Umeme ulipokatika juzi, mwanangu wa mwisho akauliza kutoka kwenye kochi: "Mama, tukikaa gizani miaka mingi tutakuwa weupe?" Dada yake akaangua kicheko. Mimi nikakumbuka Postojna, pango la Slovenia.

Zilikuwa enzi za ile kozi ya Trieste, Italia. Jumamosi moja basi likatuvusha mpaka hadi Slovenia. Habari za kale kagarimoshi kanakoingia pangoni, na baridi ya nyuzi 10 iliyonikuta na kikoti cha Dar, naziruka. Twende kwenye tangi la kioo.

Humo, kwenye mwanga hafifu, alilala Proteus: jamii ya salamanda, mwembamba, urefu kama sentimita 25, macho yamefunikwa na ngozi, matamvua mekundu yamechomoza nje, kandokando ya kichwa. Mweupe hasa hakuwa. Alikuwa wa waridi, maana ngozi haina rangi ya kuficha damu inayopita chini yake. Niliinama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Hakutikisika. Mwongozaji akasema anaweza kukaa miaka bila kula, halafu akaongeza kama jambo dogo tu: akiwekwa penye mwanga, ngozi yake huanza kuwa nyeusi.

Mwenzetu Msudani, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Kumbe ni ndugu yetu!"

Tulicheka mpaka pango likaitikia. Mwongozaji wa watu akawa mwekundu kuliko yale matamvua.

Nilipomuuliza rangi iliendea wapi, alieleza kwamba juani rangi hukinga ngozi na kumficha mnyama. Anayezaliwa bila hiyo huliwa mapema. Gizani hakuna wa kumwona, basi hitilafu ya jeni hurithiwa bila adhabu. Baadaye nikasoma kuhusu samaki wa mapango ya Mexico: jeni moja ya kutengeneza rangi, Oca2, imeharibika katika mapango tofauti, kila moja kivyake. Wapo wanaoshuku kuna faida pia, kwamba tirosini, malighafi ya melanini (ile rangi nyeusi ya ngozi), isipotumika kuitengeneza hubaki kwa kazi nyingine mwilini. Bahati au faida? Mimi naegemea kote kuwili, msimamo wa mwoga.

Mwanangu nilimjibu kwamba yeye hatabadilika; mambo hayo hutokea kwa kuzaliana, vizazi maelfu kwa maelfu.

"Kwa hiyo wajukuu?"

Nikamwambia atafute mshumaa. Sikumtajia Proteus wa Bela Krajina, hukohuko Slovenia, aliyegunduliwa 1986. Naye huishi kwenye maji ya chini ya ardhi, ila ni mweusi tii, tena ana macho. Huyo kila nikimfikiria ananivurugia maelezo yote.